Umetafuta Vizuri?

Katika maabara ile kulikuwa na neno moja lililopigwa marufuku, nalo ni "hakuna." Aliyelipiga marufuku ni mkuu wa maabara mwenyewe, mzee mwembamba mwenye koti jeupe lililomzidi mabega, na kwa sababu hiyo wafanyakazi walimbatiza Bwana Havikuonekana. Ukimpelekea jibu umeandika kwamba kwenye sampuli hakuna virusi, alikurudishia karatasi bila kuinua macho. "Hakuna? Umejuaje kama hakuna? Umetafuta, hukuona. Basi andika hivyo: havikuonekana." Utani ukaota mizizi. Kwenye chumba cha chai mtu akiuliza kama kuna sukari, alijibiwa kwamba sukari haikuonekana. Mlinzi wa getini akiulizwa kama mkuu yupo, alisema mkuu hajaonekana, lakini huo si ushahidi kwamba hayupo. Mzee aliyasikia yote na wala hayakumkera.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa mtaalamu wa chumba cha hadubini, mwanamke wa makamo, mcheshi, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta kichaa cha mbwa katika ubongo wa wanyama waliokufa. Si kazi ya kusimulia watu wakiwa mezani. Vichwa vililetwa ndani ya ndoo zenye barafu. Alivipasua, akachukua kipande cha shina la ubongo na kingine cha ubongo wa nyuma, akavigandamiza juu ya kioo, akavimwagia kingamwili zilizotiwa rangi. Kingamwili hizo hazina urafiki na kitu kingine chochote ila kirusi kile. Zikikikuta zinakishika, na hata ukiosha kioo haziachii. Kisha alizima taa ya chumba, akawasha mwanga wa hadubini, akainama. Kama kirusi kipo, giza lilijaa vidoa vya kijani vinavyong'aa, vingine vidogo kama vumbi, vingine vikubwa kama punje za mtama. Kama hakipo, giza lilibaki giza. Tazama, hata msimulizi ameshaponyokwa na ulimi. Kama hakikuonekana, giza lilibaki giza.

Mtaalamu huyu hakuwa na mtoto wake wa kumzaa. Alikuwa na mtoto wa mdogo wake, na hakuona tofauti. Mdogo wake huyo alikuwa seremala, akiishi mji mwingine na mkewe, fundi cherehani, na binti yao mmoja ambaye ukoo mzima ulimwita Chiriku. Jina lake la darasani walilikumbuka walimu tu. Chiriku alianza kuongea asubuhi kabla macho hayajafunguka sawasawa, na alinyamaza usingizi ulipomkata katikati ya sentensi. Aliongea na kuku, na cherehani ya mama yake, na mbao za baba yake. Shangazi yake alipopigiwa simu, aliweka kipaza sauti, akaiweka simu mezani, akaendelea kuosha vyombo huku Chiriku akihutubia taifa.

Kitu kimoja tu kilimshinda Chiriku, nacho ni kutafuta. Akitumwa kuleta mkasi wa mama yake, aliingia chumbani mguu mmoja, akageuka, akapiga kelele, "Hakuna!" Mkasi uko juu ya kitanda, unamkodolea macho. "Umetafuta vizuri?" mama yake aliuliza. "Nimetafuta!" "Mpaka chini ya kitanda?" "Mpaka chini ya kitanda!" Kila siku ya Mungu. Maneno hayo yakawa ya nyumba nzima. Seremala akishindwa kuona penseli iliyochomekwa sikioni mwake, mkewe alimuuliza kama ametafuta mpaka chini ya kitanda. Shangazi naye aliyachukua akayapeleka kazini, na hapo ndipo watu wa maabara walipogundua kwamba Bwana Havikuonekana ana mwanafunzi mmoja ambaye hajawahi kumwona.

Mbwa alikuwa wa mwenye bucha, jirani na karakana ya seremala. Mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika, mpole. Chiriku alikuwa na mazoea naye, maana ni kiumbe pekee mtaani aliyemsikiliza mpaka mwisho. Alasiri moja akitoka shule alimkuta amelala chini ya meza ya bucha, mdomo wazi, taya limening'inia, mate yanamchuruzika. Hakubweka wala hakuunguruma. Watu waliokuwa wanasubiri nyama walisema mfupa umemkwama kooni. Walisema tu, hakuna aliyeinama. Chiriku akaweka begi chini, akapiga magoti, akaingiza vidole mdomoni mwa mbwa ili autoe huo mfupa.

Watu wengi wanapofikiria mbwa mwenye kichaa wanamfikiria yule anayekimbia barabarani aking'ata kila anayekutana naye. Wapo hao, na hao mtu huwakimbia. Lakini wapo na wa aina hii, waliopooza taya, wanyonge, wenye macho ya kuomba, nao ndio wanaojipatia mikono ya watoto wenye huruma. Taya lilikuwa halijapooza kabisa. Mbwa alifumba mdomo mara moja, akatikisa kichwa, jino likamkwaruza Chiriku shavuni karibu na mdomo. Vidole viwili vikatoboka. Vilikuwa vidonda vidogo kabisa, na mama yake alivifunga kwa kitambaa kilichobaki kwenye sare aliyokuwa anashona.

Shangazi aliposikia alipiga kelele kwenye simu mpaka mlinzi wa getini akaja kuchungulia. "Fungueni hicho kitambaa! Osheni kwa sabuni, maji yatiririke, osheni mpaka alie, akilia endeleeni! Halafu kituo cha afya, sasa hivi!" Waliosha. Walikwenda. Chiriku alidungwa sindano ya kwanza huku ameshikwa na watu wazima wote waliokuwepo, akawatukana kwa zamu. Dawa ile nyingine, kingamwili za tayari zinazochomwa kwenye kidonda chenyewe, haikuwepo kituoni hapo. Muuguzi aliwapangia siku za kurudi, akaongeza kwamba mbwa akipimwa maabara akaonekana mzima, sindano zinaweza kusimamishwa.

Mbwa akafa kesho yake. Bwana mifugo wa mji ule alikata kichwa, akakitia kwenye ndoo yenye barafu, akafunga vizuri, kisha akakiweka kivulini mpaka wikendi ipite, kwa kuwa gari halikupatikana. Barafu haina habari na wikendi. Ndoo ilipofika maabara, mlinzi aliisikia kabla hajaiona.

Mtaalamu alivaa glavu, akapasua. Ndani mlikuwa na uji wa kijivu. Hapakuwa tena na shina la ubongo la kutofautisha na sehemu nyingine, kila kitu kilikuwa kimeshachanganyika na kuvunda. Sasa, hili alilijua kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Ubongo ukishaoza, ukiuona mng'ao wa kijani, uamini. Usipouona, hujui lolote, maana kirusi kinaweza kuwa kilikuwepo tele na kimeoza pamoja na nyumba yake. Angekuwa mbwa aliyeng'ata watu baki angeandika kwamba sampuli haifai, akavua glavu, akaenda kunywa chai akakosa sukari. Lakini huyu alikuwa amemng'ata Chiriku. Alitaka jibu. Alitengeneza kioo, akatazama. Akatengeneza kingine. Alitazama mpaka machozi yakamtoka kwa kukodoa, na kila kioo kilimpa giza, na kadiri giza lilivyozidi ndivyo moyo wake ulivyozidi kuwa mwepesi. Mapenzi yalimfanya mjinga kwa saa chache tu, na saa hizo zilitosha.

Kwenye karatasi aliandika ilivyotakiwa: havikuonekana, sampuli imeharibika, jibu hili lisitegemewe. Bwana Havikuonekana alisoma, akatikisa kichwa kuridhika, akatia sahihi. Karatasi ikaenda ofisi ya mifugo ya mji ule. Mkono wa mtaalamu haukukosea. Uliokosea ni mdomo, maana seremala alipiga simu wakati dada yake anashuka ngazi mbiombio.

"Dada, tuambie basi. Huku tumekaa roho juu. Leo ni siku ya sindano ya pili na huyu mtu amejifungia chooni."

Kwa nyuma alimsikia Chiriku akipiga kelele kwamba hatoki, na kwamba atahamia humo humo chooni, waje wamletee chakula. Alimsikia wifi yake akibembeleza. Shangazi akatabasamu peke yake pale kwenye ngazi. Alitamani sana kuwa mtu anayewaletea habari njema.

"Hakuna," alisema. "Hakuna kitu, mdogo wangu. Nimeangalia mwenyewe."

Kukazuka kelele upande wa pili. Mlango wa choo ulifunguliwa, simu ikanyakuliwa.

"Shangazi! Hakuna mdudu?"

"Hakuna, mama."

"Umetafuta vizuri?"

Wakacheka wote, huku na kule. Shangazi naye alicheka mpaka akashika ukuta.

"Nimetafuta vizuri."

"Mpaka chini ya kitanda?"

"Mpaka chini ya kitanda."

Simu iliporudi kwa seremala, dada mtu aliongeza kwamba hata hivyo si vibaya wakamalizia sindano, kwa usalama tu. Alisema kweli, hakukosa kusema. Lakini alilisema baada ya lile jingine, tena kwa sauti ya mtu anayekumbusha watu wafunge dirisha. Baba gani atamburura mtoto mpaka kituo cha afya, akashikwe na watu mikono na miguu, baada ya kuambiwa na dada yake, mtaalamu, kwamba hakuna kitu? Seremala aliitikia, "Sawa dada, tutaona," na siku ile Chiriku akanunuliwa maandazi kwa kunusurika.

Kirusi hakikuwa na haraka. Kirusi peke yake ni kitu kisichoweza lolote. Hakili, hakipumui, hakitembei, kinasubiri tu kusukumwa mpaka kigusane na seli inayokifaa. Juu ya ngozi yake kina vijiti vidogo, na vijiti hivyo vimeumbwa kuingia kwenye vitasa ambavyo seli za mishipa ya fahamu zimeviweka kwa ajili ya wageni wao halali. Seli ikiguswa kwenye kitasa chake haiulizi maswali. Inajikunja, inamvuta mgeni ndani kwa mikono yake yenyewe. Kikishaingia kinavua gamba, kinatoa maagizo yake, na seli inaanza kuyatii kama ni ya kwake, ikitengeneza virusi vingine na vingine. Halafu vinapanda mshipa. Kidoleni, kiganjani, mkononi, begani, au kwa njia fupi zaidi, kutoka shavuni. Walinzi wa mwili wanapita nje kwenye damu, na kirusi kiko ndani ya mshipa, hawakutani. Mtoto wakati huo anaruka kamba. Mtoto anajifunza kugawanya. Mtoto anampigia shangazi yake simu kumweleza kwamba mwenye bucha ameleta mbwa mwingine lakini huyu hasikilizi, anakatiza watu.

Kisha ikaja simu ya wifi. Wifi hakuwa na kawaida ya kupiga yeye.

"Wifi, Chiriku ana homa. Tumempa dawa ya malaria, haishuki. Anajikuna vile vidole mpaka vinatoka damu, na vidonda vilishapona zamani. Na hali chakula, hanywi maji. Anasema kuna mfupa kooni."

Shangazi alikuwa amesimama. Akatafuta kiti kwa mkono, akakosa, akakaa sakafuni.

"Rudia," alisema. "Anasema kuna nini?"

"Mfupa. Nimemmulika na tochi, sioni kitu. Nikimpa maji anakunja shingo, anakuwa kama anakabwa. Wifi? Upo?"

Aliwaambia wamlete mjini, kwenye hospitali kubwa, wasingoje. Alijua hospitali kubwa haitamfaa kitu. Homa ikishaanza, kirusi kimeshafika kwenye ubongo na kimeshaanza kushuka upande wa pili kwenda kwenye mate, na hapo hapana dawa, si kwenye hospitali kubwa wala ndogo wala ya ng'ambo. Aliwaambia wamlete kwa sababu hakuweza kusema lingine, na kwa sababu alitaka kumwona.

Walimpa Chiriku chumba cha peke yake mwisho wa korido. Pazia lilifungwa. Feni ilizimwa, maana upepo ukimgusa usoni, koo lilijifunga na mwili mzima ukajipinda. Mfanyakazi aliyeingia na kikombe cha maji bila kujua aliomba radhi, akatoka nacho kinyumenyume. Baina ya mshtuko na mshtuko Chiriku alikuwa Chiriku, akili timamu, hilo ndilo lililowaua wazazi wake. Alilalamika kwamba nesi ana mikono ya baridi. Aliuliza nani anawalisha kuku. Ila sasa alinyamaza katikati, akishika koo, akisubiri mfupa utulie.

Daktari wa wodi alimwita shangazi pembeni, mtaalamu kwa mtaalamu. Alikuwa kijana, na alitazama viatu vyake alipokuwa anaongea.

"Dada, mimi na wewe tunajua. Nitampa dawa za kumtuliza, asiumie sana. Lakini jibu la maabara linahitajika. Nimechukua mate."

Seremala alikuwa amewafuata bila wao kumsikia. Alishika mkono wa dada yake kwa nguvu kama mtu anayeogopa kuanguka.

"Apime dada," alimwambia daktari. "Ndiye aliyepima mara ya kwanza. Apime yeye mwenyewe, si mtu mwingine. Dada, si utapima?"

Mate ya mtu aliye hai hayapimwi kwa hadubini ile. Kuna mashine nyingine, ndogo kama tanuri la jikoni, inayotafuta kipande cha maandishi ya kirusi na kukizidisha maradufu, kisha maradufu tena, kila mzunguko, mpaka kisichoonekana kinakuwa kingi kiasi cha kung'aa. Kwenye kioo cha kompyuta unaona mstari. Ukiwa umelala mpaka mwisho, havikuonekana. Ukiinuka, vipo, na kadiri unavyoinuka mapema ndivyo vilivyokuwa vingi tangu mwanzo. Pembeni ya sampuli ya mgonjwa unaweka vichupa viwili vya kujihakikishia. Kimoja kina kirusi unachokijua, hicho lazima kipande. Kingine kina maji matupu, na hicho lazima kilale. Maji yakipanda, ujue kuna uchafu umeingia, na kazi yote inatupwa.

Bwana Havikuonekana alitaka kumpa mtu mwingine kazi ile. Mtaalamu alikataa. Mzee akavuta kiti akakaa nyuma yake, na hakuondoka hata alipoitwa kwenye simu.

Mstari wa Chiriku ulilala. Ulilala mpaka mwisho.

"Unajua maana yake," mzee alisema taratibu.

"Najua."

Alijua kwamba mate ya mgonjwa wa namna hii leo yana virusi, kesho hayana, na keshokutwa yanavyo tena. Kupima mara moja usione si kitu. Itabidi wachukue mate mengine, na kipande cha ngozi kisogoni, pale penye mashina ya nywele, ambapo mishipa midogo hukificha kirusi. Alijua yote hayo, na bado alipokuwa anavuka barabara kwenda hospitali miguu yake ilitaka kukimbia kama siku ile kwenye ngazi.

Walikuwa wanamngoja kwenye benchi la korido, seremala na mkewe. Walisimama kwa pamoja.

"Havikuonekana," alisema.

Seremala alivuta pumzi ndefu. Aliufunika uso kwa viganja, akaufunua. Alikuwa anacheka na kulia. "Kwa hiyo hakuna. Mama Chiriku, umesikia? Hakuna! Nilisema mimi, hii ni homa tu ya—"

"Sikusema hakuna. Nimesema sikuona."

"Si ni kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja, mdogo wangu. Tutapima tena."

Aliona uso wa ndugu yake ukibadilika taratibu. Furaha haikutoka yote mara moja, ilibaki kwenye pembe za mdomo, haijui iende wapi.

"Dada, sema hakuna."

"Siwezi."

"Sema tu. Hata kama ni kwa ajili yangu. Mbona siku ile ulisema? Ulisema hakuna kitu, umeangalia mwenyewe. Sisi tukaacha sindano kwa neno lako. Siku ile uliwezaje na leo unashindwa?"

Wifi alimvuta mumewe mkono, akisema basi, baba Chiriku, basi. Lakini naye alikuwa amemkazia macho wifi yake, na macho hayo yalikuwa yanaomba neno lile lile. Mtaalamu alifungua mdomo. Ingekuwa rahisi sana. Ni neno fupi, angelitoa wakalala nalo siku moja. Alifunga mdomo. Seremala alisubiri, kisha akaachia mkono wake, akarudi chumbani kwa binti yake, na kuanzia hapo hakumsemesha tena.

Mate ya pili yalifika maabara pamoja na kile kipande cha ngozi, kidogo kama ukucha wa mtoto. Alifanya kila kitu polepole. Alipanga vichupa, akafunga mlango wa mashine, akakaa. Mzee alikaa nyuma yake, koti limemvaa.

Mizunguko ya mwanzo mistari yote ililala pamoja. Kisha mmoja ukaanza kunyanyuka. Alitazama ni upi, akitumaini ni wa kile kichupa chenye kirusi kinachojulikana, kwa kuwa huo ndio huwahi siku zote. Haukuwa huo. Huo ulikuja nyuma. Uliotangulia ulikuwa wa ngozi ya Chiriku, na wa mate yake ukafuata papo hapo, mapema kuliko alivyowahi kuona kwa binadamu yeyote.

Hapo akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya katika miaka yake yote ya kazi. Aliweka kidole kwenye mstari wa maji matupu, akauomba upande. Uinuke hata kidogo, useme kwamba kuna uchafu, kwamba mikono yake ilikosea, kwamba mashine imeharibika, kwamba kazi yote hii ni ya kutupwa. Aliuomba kwa sauti. "Inuka," aliyaambia maji. "Inuka, nakuomba." Mzee nyuma yake alivua miwani.

Maji yalilala mpaka mwisho, safi kabisa.

"Andika," Bwana Havikuonekana alisema. "Au niandike mimi."

Aliandika mwenyewe.

Alipofika hospitali jua lilikuwa linapenya pembeni ya pazia. Wifi alikuwa anamfuta Chiriku mate kwa vitambaa alivyovikata mwenyewe na kuvipinda kingo, kwa kuwa vya hospitali vilimkwaruza. Seremala alikuwa kitini upande wa kichwani. Aliinua macho, akamwona dada yake mlangoni, na hakuuliza. Mtu asiyeuliza namna ile ameshajibiwa nusu. Nusu nyingine alikuwa ameing'ang'ania.

Chiriku alikuwa macho. Dawa zilikuwa zimemlegeza, na sauti ilimtoka kwa kukwaruza, lakini alipomwona shangazi yake alijaribu kuinua shingo.

"Shangazi. Ulikwenda kutafuta?"

"Nilikwenda, mama."

"Umemwona mdudu wangu?"

Mkono wa wifi ulisimama hewani na kitambaa. Shangazi aliyatazama macho ya mtoto, makubwa, yenye shauku, macho ya mtu anayesubiri kuonyeshwa kitu. Angeweza kusema bado. Angeweza kumwambia alale kwanza. Akapiga magoti pembeni ya kitanda, na hakuwa na pa kujificha.

"Nimemwona."

"Alikuwa wapi?"

"Alikuwepo tu," shangazi alisema, na ingawa alimtazama mtoto, alikuwa anamwambia baba yake. "Alikuwepo tangu siku ile."

Chiriku alifikiri. Mfupa ulimsumbua, akangoja, ukatulia. Halafu uso wake ukachanua kidogo kidogo, uso wa mtoto ambaye miaka yote amesimangwa yeye na leo, kwa mara ya kwanza, amempata mwenzake.

"Kumbe na wewe, Shangazi," alisema, "hutafuti vizuri."

Alitaka kucheka. Baba yake aliinuka haraka kutoka kitini, akamshika kichwa kwa mikono yake miwili, kabla kicheko hakijafika kooni.